Mita ya singo fezi: tupeane uzoefu, kuanzia kufungiwa hadi matumizi ya kila siku

Mjenzi wa Mkuranga (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tukusanye uzoefu wa hizi mita za umeme wa njia moja ambazo zipo kwenye nyumba zetu nyingi. Zile za "kuna jamaa aliniambia mita mpya zinakimbia" tuziache kijiweni. Leta kilichokukuta wewe: ulivyofungiwa, tatizo uliligunduaje, na nani alilimaliza.

Naanza mimi. Nimejenga Mkuranga, upande ambao bado unahesabika kijijini. Wayaringi alifanya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, akachora mchoro na kugonga mhuri, nikaomba TANESCO kupitia Nikonekt, mfumo wao wa maombi ya mtandaoni. Savea alipokuja alipima kutoka kwenye nguzo hadi kwenye nyumba. Hapo ndipo gharama inapoamuliwa, kwa sababu ukiwa ndani ya mita 30 huhitaji nguzo. Nikalipia 27,000. Rafiki yangu kiwanja chake kimeangukia mjini, kazi ni ileile na umbali ni uleule, yeye ni 320,960. Kwa hiyo ukisikia fulani kalipa elfu ishirini na saba usikimbilie kusema umepigwa. Uliza kwanza eneo lako limewekwa kundi gani.

Siku ya kufunga, fundi wa TANESCO hakuanza na nguzo. Alienda nyuma ya nyumba, akaishika eth rodi, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini, na kuitikisa. Fundi wangu alikuwa ameipigilia yote, ikabaki kichwa tu, jamaa akaridhika. Kisha akazima meni swichi, akafunga mita ukutani usawa wa macho, na kila waya aliyokaza aliivuta kwa nguvu kuona kama inachomoka. Mwisho kifuniko na sili. Akaniita tusome wote namba ya mita, tarakimu 11, nikaipiga picha. Hiyo picha ninayo hadi leo, kwa sababu wino wa kwenye mita za nje unafutwa na jua na siku ya kununua umeme ndiyo unajikuta unakodoa macho.

Mpangaji Tandika

Sisi ni vyumba sita, mita moja. Kelele yake mnaijua.

Mita ilikuwa D1, kundi la bei la watumiaji wadogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi. Hesabu yake ni hivi: uniti ni shilingi 100, ukiweka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA 1 inakuwa 122. Kwa hiyo 9,150 inakupa 75 zote. Ukishazivuka, uniti inapanda hadi 350, na makato yale yale inafika 427. Sasa vyumba sita, pasi, friji mbili na subufa, hizo 75 hazimalizi wiki mbili. Anayenunua mwanzo wa mwezi anashangilia. Anayenunua tarehe 20 anaweka 10,000 anapata uniti 23, anatoka uani akipiga kelele kwamba mita imechezewa.

Mama mwenye nyumba alileta fundi, mita ikakutwa nzima. Baadaye tukahamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, kwa sababu tulikuwa tunazidisha kila mwezi. Huko bei haina ngazi, ni 292 na makato inakuwa 356 na senti, 10,000 ni uniti 28 siku yoyote ya mwezi. Jumla tunalipa zaidi, lakini ugomvi umepungua, maana kila mtu anaona kitu kimoja.

Kilichobaki ni 1,500 ya kodi ya jengo. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, sasa kila mtu anajificha ili mwenzake aanze kununua! Ilipoanza Agosti 2021 ilikuwa 1,000, Julai 2023 ikapanda. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, siyo yetu. Tulimfuata kwa adabu tukamwonyesha meseji za manunuzi, na sasa anaturudishia kwenye kodi ya chumba. Nyumba yenu ikikaa miezi minne bila kununua, jueni 6,000 inawasubiri.

Fundi Moro

Mimi ni fundi, niko Morogoro. Nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Malalamiko ya "mita inakula umeme" nimeitiwa mengi sana. Kabla sijagusa kitu naiangalia ile taa nyekundu ndogo inayopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 imp/kWh. Maana yake ikipepesa mara 1,000 umetumia uniti moja. Mita nyingine ni 1600 au 3200, soma ya kwako. Basi zima kila kitu ndani, chomoa na chaja, usubiri. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kinavuta. Ikitulia, jaza birika la umeme la wati 2,000, liwashe peke yake, hesabu kwa dakika tatu. Kwa mita ya 1000 inatakiwa ipepese kama mara 100. Ukipata 85 usishangilie, umeme wa mtaani kwenu ni mdogo tu na birika nalo linavuta pungufu. Ukipata 150, hapo una cha kwenda kulalamikia ofisini.

Sasa kisa. Mzee mmoja ana nyumba nyuma na fremu mbele, mita mbili tofauti, zote singo fezi. Fremu ilifungwa, mpangaji kahama, lakini uniti za fremu zinaisha. Akaamini jirani anamwibia. Nilizima sakiti breka zote za fremu, taa ya mita ikaendelea kupepesa. Nikazima meni swichi, ile inayokata moto na nyutro kwa pamoja, ikatulia. Hapo nikajua ni nyutro. Aliyefanya wayaringi alikuwa ameunganisha nyutro ya nyumba na ya fremu kwenye boksi moja juu ya dari. Mita nyingi za kisasa zinapima waya zote mbili, unaoingia na unaorudi, na zisipolingana inahesabu ule wenye mkondo mkubwa, kwa kushuku kwamba kuna mtu anachepusha. Umeme wa friji ya nyumbani ulikuwa unarudi nusu kupitia mita ya fremu. Niliparamia dari, nikatenganisha nyutro mbili, kazi ikaisha. Jirani wa watu alikuwa ameshanuniwa tangu Pasaka.

Halafu hizi sabu mita, mita ndogo za kugawana umeme ndani ya nyumba, mnazonunua Kariakoo. Muwe waangalifu na mafundi wanaokariri. Kuna zenye mpangilio wa moto kuingia tundu la kwanza na kutoka la mwisho, nyutro mbili zikiwa katikati. Kuna nyingine moto zote mbili upande wa kushoto, nyutro kulia. Ukifunga ya pili kwa akili ya ile ya kwanza, umeunganisha moto na nyutro, ukiwasha ni mlipuko. Mchoro upo nyuma ya kifuniko cha tamino, pale waya zinapofungwa. Fundi asiyeufungua kuutazama, mlipe nauli aende.

Mpangaji Tandika

Fundi asante. Swali la haraka: tulifunga sabu mita kila chumba, lakini jumla yake haifiki hata siku moja kile mita kubwa inachosoma. Kuna wizi hapo?

Fundi Moro

Taa ya uani, ya choo na ya geti mmezifunga kabla au baada ya sabu mita?

Mpangaji Tandika

Kabla. Na pampu ya kisima. Nimekuelewa mkuu.

Binti Singida

Yangu ni ya 2024, ule mwaka wa kuboresha mita kabla ya tarehe 24 Novemba. Kwa ambao hawakujua sababu: tokeni hizi, yaani namba tunazoingiza kwenye mita tukinunua umeme, zinabeba tarehe ndani yake, inahesabiwa kwa dakika tangu 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa siku hiyo. Ilikuwa dunia nzima, siyo Tanzania peke yake.

Mama yuko kijijini, anatumia simu ya batani. Nikamnunulia umeme kama kawaida, safari hii zikaja tokeni tatu, kila moja tarakimu 20. Mbili za mwanzo ni za kuboresha, ya tatu ndiyo umeme. Lazima ziingie kwa mpangilio huohuo. Tarakimu 60 kwa simu, na mtandao wenyewe unakatakata! Nikawa namsomea nne nne, naye anazirudia kwa sauti huku akibonyeza. Akifika katikati jogoo anawika, tunaanza upya. Ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali. Tulipofika ya tatu akasema, "Mwanangu, na ile uliyonitumia wiki iliyopita niliiweka akiba, niiingize sasa?"

Imekataa hadi kesho. Tokeni ya zamani ikiwa haijaingizwa kabla ya kuboresha, mita haiitambui tena. Ilibidi nifuatilie ofisini na risiti, wakanitolea nyingine. Kwa hiyo wazee wetu wenye tabia ya kutunza tokeni kama mahindi ya mbegu, waambieni waingize umeme siku ileile ulipotumwa.

Mwana Kisauni

Wenzangu, huku Mombasa mita zetu nyingi zi juu ya nguzo, nje ya ploti, pamoja na za majirani. Ndani unapewa kile kidude cha kubonyezea nambari tu. Ukiishiwa na tokeni usiku ndipo utakapokijua, kwa sababu stima haipo na betri za ndani zilikufa zamani. Nimeona watu wakibonyeza kidude gizani bila kukichomeka kwenye soketi, kisha wanasema mita imekataa tokeni. Chetu kinazungumza na mita kupitia waya zilezile za stima, kwa hivyo kichomeke kwanza, tia betri mpya, ndipo uingize. Mimi huweka betri mbili ndani ya droo, na watoto wanajua hazitoki kwenda kwenye rimoti ya TV.

Kuhusu bei, huku pia kuna ngazi. Tangu Aprili 2023 ile ya chini kabisa ni ya matumizi yasiyozidi uniti 30 kwa mwezi. Ukinunua jiko la stima, isahau.

Mtu wa Ng'ambo

Unguja hapa, mita za TUKUZA, yaani umeme wa kulipia kabla wa huku Zanzibar. Kisa changu kifupi: tulihamia nyumba ya kupanga, mita inatuambia uniti zimekwisha, lakini friji linanguruma. Mume wangu akafurahi. Mimi nikamwambia hiyo siyo bahati hata kidogo. Tukamwita fundi, akakuta waya umerushwa pembeni ya mita, kazi ya waliotutangulia. Tukaripoti wenyewe kabla hawajaja wakaguzi, tukaandika barua yenye tarehe ya kuingia na nakala ya mkataba. Jamani, unapopokea funguo, zima meni swichi na uone kama nyumba yote inazimika. Faini ya wizi wa umeme humfika anayekutwa ndani.

Kijana wa Mashine

Nina mita ya njia moja na nataka kufungua ofisi ya kuchomelea mageti, baadaye mashine ya kusaga. Itatosha, au niombe njia tatu (fezi tatu) kabisa?

Fundi Moro

Soma usoni mwa mita, utaona kitu kama 5(60)A. Hiyo 60 ndiyo mwisho wake. Zidisha na volti 230, unapata kama kilowati 13.8 kwa makaratasi, na usipange kuishi kwenye ukingo huo. Mashine ndogo ya kuchomelea itafanya kazi, ila taa za majirani zitakuwa zinafifia kila ukigusa chuma na watakuja kukusalimia. Mita nyingine ukizidisha inajikata, inasubiri, inarudi yenyewe. Ikifanya hivyo usidhani imekufa, punguza mzigo.

Ya kusaga ni habari nyingine. Mota za mashine kubwa za nafaka zimetengenezwa kwa njia tatu. Anza na maombi mapema, gharama yake ni kubwa zaidi na savea ataangalia kama transfoma ya hapo inabeba.

Kijana wa Mashine

Na nikihamisha ofisi kwenda upande wa barabarani, hii mita naweza kuing'oa mwenyewe nikaifunga kule? Ni hatua chache tu.

Fundi Moro

Hapana mkuu. Kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mita, pamoja na mita yenyewe, ni mali ya shirika, ya kwako inaanzia waya zinazotoka kwenda meni swichi. Ukikata ile sili, hata kama nia ni njema, kwenye ukaguzi unasomeka umechezea mita. Na mita nyingi zina kitufe chini ya kifuniko, kikifunguliwa inajifunga na kuandika tukio. Nenda ofisini na namba ya mita, omba kuhamishiwa. Watapima umbali mpya, utalipia, watakuja na sili yao. Wewe kazi yako ni kuandaa ukuta na eth rodi ya kule, na hiyo rodi isiwe kipande cha nondo.