Msaada: amplifaya ya gitaa AC30 ya valvu ya marehemu mjomba. Niuze, nitengeneze, au fundi aitie transista?

gitaa_la_maweni (Malindi)

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wengine habari za jioni.

Naomba ushauri kabla ya Jumamosi kwa sababu kuna mtu anasubiri jibu langu. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alipiga gitaa hapa Malindi enzi ambazo hoteli kubwa zilikuwa na bendi zao. Vyombo vyake vilikaa stoo kwa mkaza mjomba, na juzi akaniita nikachukue kabla mchwa haujamaliza kazi. Kuna gitaa lisilo na nyuzi, maiki mbili zilizokufa, na amplifaya moja ya Vox AC30. Mbele ina kitambaa cha kahawia chenye michoro ya almasi, juu ina vipini vitatu vya ngozi, na uzito wake tulibeba watu wawili tukapumzika njiani. Nikichungulia nyuma naona valvu, zile taa za kioo kama za redio za zamani, zimejipanga na spika mbili za rangi ya buluu.

Mwitaliano mmoja hapa mjini ameiona akaniambia KSh 60,000 taslimu, hata kuiwasha hakutaka. Wenzangu kwenye bendi wanasema chukua hela upesi, ununue ile ndogo ya kidijitali yenye sauti mia ndani. Fundi redio wa mtaani naye yuko tayari kung'oa "hayo mataa" na kuweka bodi ya transista kwa elfu nane, kasha na spika zibaki.

Sisi tunapiga chakacha, benga kidogo, na zile nyimbo za watalii. Roki ya kukwaruza hatupigi. Sasa, hii sauti ya valvu inayosifiwa ni kitu cha kweli au ni hadithi za wazee? Na nikiichomeka kidogo tu nisikie, kuna ubaya?

fundi_mtwapa

Ubaya upo. Usiichomeke, hata kwa dakika moja. Nitaandika kirefu nikitoka kazini.

besi_nzito (Mombasa)

Kaka mimi nasema uza. Nimepiga hoteli za kaskazini miaka mingi na nitakwambia ukweli ambao wapenzi wa valvu hawapendi kuusikia: mgeni anayekula kambakoche hajui kama nyuma yako kuna valvu au redio ya mkulima. Meneja ndiye anayejua, na anachojua ni kwamba una kelele. AC30 haianzi kuwa tamu mpaka uifungue, na ukiifungua unaambiwa upunguze. Halafu kuibeba kwenye tuktuk kila Ijumaa? Sitaki.

mkaa_shela (Lamu)

@besi_nzito shukuru una tuktuk. Huku kwetu kitu cha kilo thelathini na ushei kinashuka boti kutoka Mokowe, kisha kinapanda punda, na punda hana habari kwamba ndani kuna vioo.

chakacha_safi (Kilifi)

Swali la sauti halijajibiwa, ngoja nijaribu, maana ndilo alilouliza.

Ndugu, tofauti ni ya kweli lakini si kila mahali. Ukipiga polepole, volyumu chini, amplifaya nzuri ya transista na ya valvu zinakaribiana sana, na anayekuambia vingine anauza kitu. Tofauti inaanza pale unapoisukuma. Transista ikifika mwisho wa nguvu zake inakata kilele cha sauti ghafla, kama panga, ndiyo maana inatoa ule ukali wa kuumiza sikio. Valvu inaanza kukunja mapema, pole pole, kwa hiyo hujui hasa ni wapi sauti safi imeishia. Ukigusa uzi kwa upole inalia safi, ukikaza mkono inaongeza unene na mikwaruzo kidogo, ukipunguza volyumu kwenye gitaa lenyewe inarudi safi. Mkono wako ndio unaochagua. Kwa mtu wa benga, ambaye mkono wa kulia ndio kila kitu, hilo si jambo dogo.

Na hiyo AC30 ina tabia yake ya peke yake. Amplifaya nyingi kubwa huchukua sehemu ndogo ya sauti ya mwisho na kuirudisha nyuma ili isahihishe makosa, ndipo zinakuwa nyoofu na za adabu. AC30 haina mzunguko huo kwenye hatua yake ya mwisho. Kwa sababu hiyo inakwaruza taratibu zaidi, na spika inaachiwa icheze kwa tabia yake: besi inavimba kidogo, juu inang'ara. Ule mlio wa kengele watu wanaousema unatoka huko, pamoja na hizo spika.

Kuhusu "roki ya kukwaruza", hapo umedanganywa. AC30 ilipata jina kwa sauti safi. Ilitengenezwa Dartford, Uingereza, na kampuni ya Tom Jennings. Mchoro ni wa Dick Denney, ambaye alianza na AC15 ya wati 15. Kundi la The Shadows walipotaka kusikika juu ya mayowe ya mashabiki, nguvu ikaongezwa mara mbili. Msikilize mpiga gitaa wao Hank Marvin wa miaka ile ya mwanzo wa 1960: noti moja moja, safi, zina mwangwi, zinaimba. Hiyo iko karibu na gitaa la chakacha kuliko roki unayoiogopa.

besi_nzito (Mombasa)

Sawa, mwalimu. Lakini jibu la meneja bado sijalisikia.

chakacha_safi (Kilifi)

Jibu la meneja ni kuigeuzia ukutani na kuweka maiki ndogo mbele yake. Kununua ya wati 15 badala ya 30 hakutamsaidia, maana kupunguza wati kwa nusu kunapunguza sauti desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo. Mimi mwenyewe kwa hoteli ndogo natumia kitransista, sioni haya. Sijasema aibebe kila Ijumaa. Nasema asiiuze akiwa hajui ni nini.

fundi_mtwapa

Nimetoka kazini. Kwanza usalama, mengine baadaye.

Ndani ya hiyo kitu kuna umeme wa moja kwa moja wa zaidi ya volti 300. Kapasita kubwa za kuchuja umeme zinaushika hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo usiingize kidole wala bisibisi ndani. Kapasita za umri huo, zilizokaa stoo ya pwani miaka yote, maji yake ya ndani yamekauka. Ukiwasha ghafla, moja ikipiga shoti inaondoka na valvu ya GZ34 inayogeuza umeme, na ukikosa bahati inaondoka na transfoma. Transfoma ndiyo roho ya amplifaya hiyo. Kapasita nitakununulia Mombasa. Transfoma ya asili hutaipata tena.

Sisi tunaanza na balbu ya siriz. Fundi yeyote wa zamani anaijua: balbu ya wati 60 au 100 inapita katikati ya plagi na chombo. Lazima iwe ya waya wa kuwaka, hizi za LED hazifai. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu zote na chombo kinapona. Ikiwaka kisha ikafifia, unaendelea kupima.

Unaweza kunisaidia kwa kuangalia mambo machache kwa macho tu, plagi ikiwa nje. Kuna kidude cha kuchagua volti: nambari yake nataka kuijua. Chombo kilichotoka Uingereza moja kwa moja kitakuwa 245 na kinafaa kwa stima yetu ya 240. Kikiwa 115, na mtu akichomeka hapa, tumeshapata moshi. Niambie pia rangi za nyaya kwenye plagi. Vyombo vya Uingereza vya kabla ya miaka ya 1970 vina nyekundu ya moto, nyeusi ya nyutro, kijani ya ardhini. Vijana waliojifunza kwa video za Marekani wanaona nyeusi wanadhani ndiyo moto, maana kwao ndivyo ilivyo. Watu wamepigwa shoti kwa hilo.

Na huyo fundi wa elfu nane, kwa heshima zote, mwambie ahsante. Akishang'oa transfoma na soketi za valvu, utabaki na kabati la spika.

mkaa_shela (Lamu)

Naongeza la chumvi. Miguu ya valvu inashika kutu ya kijani, soketi zinalegea, ukiwasha inakohoa na kuvuma, halafu mtu anakwambia valvu zimekufa ununue seti nzima. Mara nyingi ni uchafu tu. Safisha soketi kwa dawa ya kusafishia kontakti, kaza vishikio vyake, ndipo upime. Kama ndani kuna valvu ndogo aina ya ECC83 za Mullard, zile za kiwanda cha Blackburn, usizitupe hata kidogo. Valvu ndogo za mwanzo hazichoki haraka. Nyingine zina umri wa babu yangu na bado zinaimba. Zinazochoka ni valvu nne za EL84, zile za mwisho zinazosukuma spika, kwa sababu AC30 inazichosha makusudi: zimepangiwa kikomo cha volti 300 na yeye anazipa zaidi. Ndiyo maana inapata joto la kukaanga yai na ndiyo maana kuna matundu juu. Usiweke kitambaa juu yake wala kikombe cha kahawa.

EL84 mpya zinapatikana, za JJ kutoka Slovakia zinafaa. Weka akiba seti moja. Na ununue stabilaiza, stima ya pwani mnaijua wenyewe.

dogo_riffs

Kwani asiuze hiyo halafu aagize Fender ya zamani kutoka Marekani? Hizo ndizo safi kweli.

fundi_mtwapa

@dogo_riffs Fender ni safi, sikatai, ina besi pana na katikati imezama, wengine wanaipenda zaidi. Lakini ya soko la Marekani inataka volti 120 na imepangiwa stima ya mizunguko 60 kwa sekunde. Hapa utanunua transfoma ya kushushia volti, nzito nayo, na kwenye mizunguko yetu 50 transfoma ya ndani itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa. Nyingi za zamani zina plagi ya miguu miwili isiyo na ardhi. Kijana ana chombo cha volti zake kilichokuja mpaka mlangoni, aagize tatizo la nini?

gitaa_la_maweni (Malindi)

Ahsanteni sana wakubwa. Nimeenda kwa mkaza mjomba na tochi.

Kidude cha volti kiko 245. Nyaya ni nyekundu, nyeusi na kijani kama alivyosema fundi, ila ile ya kijani imekatwa na kufungwa utepe. Valvu nne ni EL84, mbili kati yake zina doa jeupe kama maziwa juu ya kioo. Ndogo nyingine zimefutika maandishi, mbili nimesoma ECC83. Spika zote mbili ni buluu, nyuma zina kibandiko cha Celestion, karatasi haijachanika, ila moja ina mviringo wa maji.

Mwitaliano nimemwambia asubiri. Akapanda mpaka 90,000 palepale.

besi_nzito (Mombasa)

Aliyepanda thelathini kwa dakika moja anajua anachonunua. Nabadilisha kura yangu. Usiuze wiki hii.

chakacha_safi (Kilifi)

Kinachompandisha ni hizo spika. Celestion za buluu za sumaku ya alniko (mchanganyiko wa metali), kila moja ya wati 15, ndiyo maana ziko mbili. Zina soko lake hata bila amplifaya. Angeondoka nazo hata kama kasha lingekuwa limeliwa na mchwa. Kama siku moja utauza, uza kitu kilichopimwa na kinacholia, na bei uiseme wewe.

fundi_mtwapa

Doa jeupe maana yake hewa imeingia ndani ya kioo, hizo mbili zimekufa. Afadhali hukuwasha. Hiyo waya ya kijani iliyokatwa inanikera zaidi: zamani watu waliikata kuondoa mvumo kati ya amplifaya na mikrofoni, na wapiga gitaa waliopigwa na stima mdomoni wakigusa maiki ni wengi. Itarudishwa kabla ya kitu kingine chochote, pamoja na plagi mpya yenye fyuzi ya ampea 3.

Hesabu yangu: kapasita za kuchuja zote, zile ndogo chini ya EL84 pia, seti ya EL84, kusafisha soketi na nobu. Kapasita za njia ya sauti sizigusi mpaka nizipime, hizo zina mkono katika mlio wake. Spika sizigusi kabisa, mviringo wa maji usipochakaza karatasi uache hivyo hivyo. Vipuri utanunua wewe kwa risiti, nitakutumia orodha faraghani, na kazi tutaelewana.

Ukiileta, ifunge ikisimama wima, valvu uzitoe moja moja uzifunge kwenye magazeti na kila moja uiandikie ilitoka tundu gani. Chukua picha kabla ya kuzitoa. Nyaya za spika ziache palepale, maana chombo cha valvu kikiwashwa bila spika transfoma ya mwisho inaungua, na sitaki mtu yeyote njiani ajaribu kukusaidia.

gitaa_la_maweni (Malindi)

Sawa mzee. Nakuja nayo Jumatatu, kuna jamaa ana pikapu ya kupeleka mananasi Mombasa. Na gitaa la mjomba je, nilibebe pia? Shingo imepinda kidogo.

fundi_mtwapa

Libebe. Ila mananasi yakae mbali nayo.