Tupeane uzoefu: mkunjufu ni mtu wa aina gani?

Muuza magauni, Kibuye, Kisumu

Hamjambo nyote. Nauza magauni ya mitumba hapa Kibuye. Nikifungua mtumba alfajiri, nguo hutoka zimekunjamana, na saa nzima ya kwanza kazi ni kuzikunjua, kuzikung'uta na kuzitundika. Wiki iliyopita mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa huku kwetu, alinunua gauni, akalipa, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mkunjufu." Nilimshukuru, lakini neno lilinikaa kichwani mchana kutwa huku mikono yangu inakunjua nguo.

Shuleni tulisoma kunja na kunjua pamoja na funga na fungua, ziba na zibua. Kitenzi cha pili kinatengua cha kwanza. Mtu aliyekasirika hukunja uso. Na kama vile changamka ilivyotupa mchangamfu, kunjuka imetupa mkunjufu. Kwa hiyo ninavyoliona mimi, neno hili lina siri ndani yake: mkunjufu aliwahi kukunjwa. Huwezi kukunjua kisichokuwa na mikunjo.

Naomba mniambie mnalitumiaje, na kama mnamjua mtu wa namna hiyo, mtusimulie. Si lazima awe mtu wa kuchekesha.

Mwalimu, Njoro

Dada wa Kibuye, umenigusa. Nimesahihisha insha miaka mingi, tangu enzi za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, na huku darasa la sita hakuna sherehe isiyokuwa na "furaha na bashasha". Watoto hulitia neno bashasha kama chumvi, bila kuonja. Nalipenda sana neno hilo, ndiyo maana linaniuma. Bashasha ni furaha inayoonekana usoni. Mgeni anapopiga hodi na mwenyeji akatoka macho yanang'aa kabla hata hajamtambua vizuri, hiyo ndiyo bashasha. Inaweza kuja na kupita kwa dakika moja. Ukunjufu ni tabia, mtu hukaa nao.

Muhula uliopita msichana mmoja, mtoto mkimya, aliandika hivi kuhusu nyanya yake: "Alipotuona alikunjua mkeka na uso." Niliiweka kalamu nyekundu mezani. Nilimsomea mwenzangu ofisini, naye akaomba nimsomee tena. Sikumfundisha sentensi ile, na wala sidhani kuna aliyemfundisha.

Bodaboda wa Bondeni, Nakuru

Sisi stejini tunasema "roho safi". Jamaa wa roho safi hana kinyongo. Ni kitu kimoja au?

Muuguzi, Kakamega

Ndugu yangu wa boda, nadhani vinakaribiana lakini si kimoja. Wa roho safi hana ubaya na mtu, ila anaweza kuwa amejifungia kwake. Mkunjufu amefungua mlango.

Mimi nataka kutenganisha ukunjufu na ucheshi, kwa sababu nimeona madhara. Katika wodi moja niliyofanya kazi zamani tulikuwa na mwenzetu mcheshi kweli, kila mtu alimpenda. Usiku mmoja mama alipoteza mtoto. Mwenzetu akaingia na mzaha wake wa kila siku, bila nia mbaya, akijaribu kuondoa huzuni. Yule mama aligeukia ukutani. Baadaye akaingia mfanya usafi, mama wa makamo. Aliegemeza fagio, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia, "Mama, niko hapa." Uso wake ulikuwa wazi, hakuna tabasamu wala haraka. Walikaa hivyo mpaka mgonjwa akaomba chai.

Tangu usiku huo nikisikia neno mkunjufu namwona yeye. Wengi wanadhani moyo mwepesi maana yake ni kutochukua mambo kwa uzito. Yule alikuwa ameubeba uzito wote, na bado uso wake haukukunjika.

Mzaliwa wa Vihiga

Kwetu Maragoli furaha ni buyanzi. Guku wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa nayo hata njaa ikibisha hodi. Nimesoma hadithi ya muuguzi mara mbili.

Mweka hazina wa chama, Kisumu

Mmesahau mkono, wenzangu. Kwenye harambee tunaambiwa tutoe "kwa moyo mkunjufu", na hapo hakuna anayezungumzia uso. Bahili tunamwita mkono wa birika. Litazame birika: mkono wake umepinda tangu siku lilipotengenezwa na hautanyooka kamwe. Basi mkunjufu ni kinyume chake, mkono unaonyooka kwa wenzake. Nina mwanachama mmoja anayeuza omena. Mchango wake si mkubwa, lakini akiuleta anauweka mezani kwa mikono miwili na kuuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja kwa jina. Wapo wanaotoa mara kumi yake huku wamekunja kipaji, na wakiondoka nabaki najihisi mdaiwa.

Hapo nampinga kidogo mwenye mada. Huyu mama wa omena sijawahi kumwona amekunjwa. Pengine wengine huzaliwa hivyo.

Muuza magauni, Kibuye, Kisumu

Mweka hazina, hujawahi kumwona, lakini unamwona chamani tu. Omena inaamkiwa usiku.

Nami niwaambie kilichonifanya niulize. Dada yangu alifiwa na mume mwezi wa kwanza. Alikuwa wa kwanza kucheka nyumbani kwetu, yule ambaye kwa Dholuo ungesema chunye mor, moyo wake una furaha. Baada ya mazishi akakunjika kabisa. Simu hapokei, mlango hafungui, akiitwa kula anasema ameshiba. Nilijaribu mahubiri na mizaha, kisha nikaacha vyote, nikawa napeleka uji tu na kuketi.

Jumapili iliyopita, siku ya soko kubwa, nimeinamia mtumba nikaona viatu vyake. Hakunisalimu. Alipiga magoti upande wa pili, akavuta gauni la maua, akalikunjua, akalikung'uta, akanipa nitundike. Akavuta lingine. Tulifanya hivyo mpaka mtumba ukaisha. Mteja alipokuja kuuliza bei, dada ndiye aliyejibu.

Aliuza manne.