Tupeane uzoefu: viongozi wakimya, nguvu zenu mnazitunza vipi?

Maalim, Wete
Assalamu alaykum jamani. Mimi ni mwalimu mkuu wa skuli ya msingi, na nimeumbwa mkimya. Watu nawapenda, ila nikishaonana na walimu wa mkondo wa asubuhi, wazazi, kamati, halafu mkondo wa mchana ukaingia, ikifika laasiri sina tena neno la kuwaambia hata wanangu.

Kilichonisaidia ni kujiuliza nilikubali ukuu kwa ajili ya nini. Jibu langu ni moja: asipande mtoto darasa la nne hajui kusoma. Basi saa zangu nzuri za asubuhi nazipeleka madarasani. Nakaa dawati la nyuma, mtoto mmoja mmoja anakuja kunisomea. Vikao vya uzio na rangi nimemwachia msaidizi wangu, yeye vikao ndiyo raha yake. Baina ya mikondo miwili nafunga mlango, nasali, nakaa peke yangu. Walimu wameshazoea, hawagongi ila kwa dharura.

Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mwenyekiti wa kikundi cha mwani, Jambiani
Waalaykum salaam Maalim. Bamvua likiingia, maji yakikupwa mbali, sote tuko pwani, na mimi uongozi wangu naufanya huko huko. Nainama kando ya mwenzangu, tunafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba, namuuliza mwanawe ameshapona, bei anaionaje. Leo huyu, kesho yule. Yakifika maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, tunakutana kivulini, nami nishajua nani ana dukuduku gani. Kikao hakifiki adhuhuri.

Mnunuzi mmoja alitaka kututeremshia bei mzigo ukiwa tayari umekauka. Wenzangu walipiga kelele mpaka wakachoka. Mimi nikamtajia bei aliyoahidi na kilo zilizopo, nikanyamaza, namtazama tu. Akaanza kujieleza mwenyewe, mwisho akarudi kwenye bei yake ya mwanzo.

Afisa, Mjini Unguja
Bi Mwenyekiti, hiyo nimeipenda. Habari ya watu wa aina yetu ilienea tangu Carl Jung, daktari wa Uswisi, alipoiandikia kitabu mwaka 1921. Na mwaka 2011 mtafiti Adam Grant na wenzake walitoa utafiti wa maduka ya piza Marekani: palipokuwa na wafanyakazi wanaotoa mawazo yao, bosi mkimya alileta faida zaidi. Palipokuwa na wanaongoja kuamrishwa, bosi mchangamfu ndiye aliyeshinda.

Kwa hiyo tusijisifu sana. Nimewahi kufanya kazi chini ya mkuu mkimya tusiyejua anataka nini, tukabaki kukisia na kulaumiana. Mimi kila Jumatatu asubuhi naandika mistari michache kwenye kundi letu la WhatsApp: wiki hii tunafanya hili, kwa sababu hii. Kuandika hakunichoshi kama kusimama mbele ya watu, na kila mtu anajua tunakokwenda.

Mratibu wa vijana, Chake Chake
Mimi kikao si tatizo, shughuli ndiyo inayonimaliza. Maziko sikosi, hilo halina mjadala. Lakini kila harusi, kila khitma, kila baraza ya jioni? Nikiaga mapema nasikia, "Huyu siku hizi anajiona." Inaniuma, maana hawa ndio watu ninaowafanyia kazi.

Mwenyekiti wa kikundi cha mwani, Jambiani
Mwanangu, harusini nenda mapema, toa mkono wa hongera kwa wenyewe, kula, ondoka. Halafu siku isiyo na shughuli yoyote nenda barazani wakati kuna watu wawili watatu tu. Kunywa kahawa, usikilize. Wanaokuita mwenye kujiona wengi hujakaa nao hivyo hata siku moja.

Mratibu wa vijana, Chake Chake
Shukran sana Bi. Yupo mzee mmoja mtaani kwetu, maneno yake mtaa mzima unayafuata, na mimi kwake huishia salamu tu. Ijumaa baada ya sala nakwenda kukaa naye.