Mama hataki nyumba ya wazee: nani mwenye haki ya kusaini?

Kutoka: dada wa Coventry

Ndugu zangu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Naomba msaada wa haraka. Mama yangu ana miaka 81. Tangu baba afariki anaishi peke yake kwenye fleti ya halmashauri hapa Uingereza, mimi napita kila siku nikitoka kazini. Wiki tatu zilizopita aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni. Sasa wodini wanasema anaweza kuruhusiwa, ila si kurudi kwake. Wanasema hana uwezo wa kuamua, kwa hiyo aende nyumba ya wazee moja kwa moja.

Mama hataki kusikia. Nikifika tu ananishika mkono, "Mwanangu, umekuja kunichukua?"

Jana afisa ustawi wa jamii alinipigia. Akasema jina langu ndilo liko kwenye faili kama ndugu wa karibu, basi nije Jumatatu nisaini. Mdogo wangu wa kiume ananiambia nisaini yaishe. Nimelala macho. Nisaini?

Kutoka: kaka wa Leeds

Pole sana dada. Mimi nitakwambia lililo moyoni: saini.

Baba yangu naye alikataa kutoka nyumbani kwake, sote tukamwachia kwa kuwa ni mkubwa wetu. Usiku mmoja akaanguka jikoni, akalala kwenye sakafu mpaka saa mbili asubuhi mhudumu alipofungua mlango. Alipona, lakini mimi ile picha haijanitoka. Heri mama akununie akiwa salama.

Kutoka: mama wa Reading

Dada, usisaini Jumatatu. Sisemi mama asiende huko. Huenda mwisho wa yote ikaonekana ndiko kunakomfaa. Nasema karatasi hiyo haikuhusu wewe kuisaini.

Hili neno "ndugu wa karibu" limetupoteza wengi. Hapa England na Wales, kuandikwa hivyo kwenye faili hakukupi mamlaka yoyote ya kisheria ya kumwamulia mtu mzima. Maana yake ni kwamba likitokea jambo wewe ndiye wa kupigiwa simu. Uwe kifungua mimba, uwe mume wa miaka hamsini, hali ni hiyo hiyo. Mama akiwa na uwezo wa kuamua, mwenye kuamua ni mama. Akiwa hana, na hakuna aliyepewa naye hati ya uwakili ya kumwamulia wala aliyeteuliwa na mahakama, uamuzi wa aina hii unabebwa na halmashauri au hospitali kwa kuangalia maslahi yake, na wewe ni lazima usikilizwe. Kusikilizwa si kusaini kwa niaba yake.

Sheria inaitwa Mental Capacity Act, yaani sheria ya uwezo wa kuamua, ya mwaka 2005. Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee miaka 14, na tulifundishwa misingi yake mitano mpaka tukaikariri. Wa kwanza ndio wa kuushikilia: kila mtu mzima anahesabiwa kuwa na uwezo wa kuamua mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama hana cha kuthibitisha. Wao ndio wanaodai hana uwezo, basi waoneshe. Na hawaruhusiwi kusema hana kwa sababu tu ana miaka 81, au anaonekana dhaifu, au ana ugonjwa fulani.

Tena uwezo hupimwa kwa jambo moja, kwa wakati huo. Mtu anaweza kushindwa kusimamia hesabu za benki na bado akajua vizuri anataka kuishi wapi. Wanaangalia mambo manne: anaelewa anachoambiwa, anakishika kichwani kwa muda wa kutosha kuamua, anaweza kupima faida na hasara, na anaweza kuonesha uamuzi wake kwa njia yoyote ile, hata kwa kufumba jicho. Akishindwa hata moja, hapo ndipo wanaweza kusema hana uwezo kwa jambo hilo, na lazima iwe kwa sababu akili au ubongo wake una hitilafu.

Kwa hiyo muulize afisa kwa maandishi: nani alimpima mama, siku gani, kuhusu uamuzi upi, na kwa lugha gani?

Hili la lugha naomba niliseme kwa kirefu maana ndilo linalonichoma. Niliwahi kuwa zamu siku anapimwa mzee mmoja anayezungumza Kiswahili. Mpimaji alikuwa mpole, wala hakuwa na nia mbaya. Akamuuliza kwa Kiingereza kama anajua anaweza kuanguka tena. Mzee akaitika, "Yes." Akamuuliza kama yuko radhi kubaki hapa kwenye usalama. "Yes." Mwishoni akamuuliza kama anataka kurudi nyumbani. "Yes, yes, thank you." Mnajua wenyewe wazee wetu. Ile yes ni adabu, ni kumwitikia mgeni aliyekuja kukusalimia. Kwenye fomu ikaandikwa kwamba majibu yake yanapingana na hashiki anachoambiwa.

Nikamweleza msimamizi wangu. Baada ya siku chache akaja mkalimani, ana kwa ana. Mzee alivalishwa miwani yake na kifaa cha masikio, ambacho ile mara ya kwanza kilikuwa kwenye droo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka kofia yake sawa, akasema, "Najua naweza kuanguka usiku nikafa sakafuni. Nimelifikiria hilo. Nataka nikiamka niuone mlango wangu." Mpimaji aliacha kuandika kwa muda.

Sheria inawataka wafanye kila linalowezekana kumsaidia mtu aamue mwenyewe kabla ya kusema hawezi. Hiyo ni pamoja na lugha yake, saa ya siku ambayo akili yake imetulia, na mahali pasipo kelele. Mkalimani ni bure, daini. Wa kwenye simu hawafai kwa mzee asiyesikia vizuri. Na wewe dada usikubali kuwa mkalimani kwenye kikao hicho. Si kwamba hatukuamini, ila wewe ni mtoto, una hofu zako, na mama hatasema mbele yako kitu kitakachokuumiza.

Jambo jingine. Baada ya operesheni ya nyonga, wazee wengi huchanganyikiwa. Dawa za maumivu, maambukizi ya mkojo, kukosa usingizi, choo kigumu, vyote hivyo huvuruga akili, na mara nyingi hali hupita. Uliza kama wameyaangalia hayo. Sheria yenyewe inataka wafikirie kama mtu anaweza kurudiwa na uwezo wake, na kama jambo linaweza kusubiri.

Kaka wa Leeds, pole sana kwa lililompata baba. Sidharau hofu yako. Lakini msingi wa tatu wa sheria hii unasema mtu asihesabiwe kuwa hana uwezo kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara machoni pa wengine. Sisi wenyewe tunavuta sigara, tunaendesha gari usiku tukiwa tumechoka, hakuna anayetupeleka popote. Na kati ya sakafu ya jikoni na nyumba ya wazee kuna mambo mengi hapo katikati. Care Act ya 2014, sheria ya matunzo ya watu wazima, inailazimu halmashauri kumtathmini mtu anayeonekana kuhitaji msaada, awe na fedha au hana. Mwombe afisa aandike kwa nini haya yasijaribiwe kwanza: wahudumu wa kuja nyumbani mara kadhaa kwa siku, kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni, vyuma vya kushikilia bafuni. Vifaa na marekebisho madogo yasiyozidi pauni 1,000 ni bure England kwa aliyetathminiwa kuvihitaji. Pia kuna huduma ya kumrudishia mtu nguvu baada ya hospitali, bure hadi wiki 6.

Ikithibitika kweli mama hana uwezo, bado hajageuka mzigo wa kupangiwa pa kutuliwa. Lazima waitishe mazungumzo kuhusu maslahi yake, wazingatie alichokuwa akikitaka siku zote, imani yake, hisia zake za sasa, na wachague njia inayopunguza uhuru wake kwa kiasi kidogo kuliko zote. Akiwekwa mahali chini ya ulinzi wa muda wote na haruhusiwi kuondoka, wanatakiwa wapate kibali maalumu, ambacho hakizidi miezi 12 kabla ya kuangaliwa upya. Anapewa mwakilishi, na anaweza kukipinga kwenye Court of Protection, mahakama ya mambo ya watu wasio na uwezo wa kuamua, kwa msaada wa kisheria usioangalia kipato chake. Wengi hawaambiwi hivyo.

Kutoka: mjomba wa Glasgow

Mama wa Reading umeeleza vizuri. Naongeza tu kwamba huku Scotland sheria ni nyingine, ya mwaka 2000, na fomu za huko hazitumiki hapa kwa namna ile ile. Msichukue ushauri wa England mkaupeleka Edinburgh.

Na kwa wote ambao wazazi wao bado wana akili timamu: fanyeni hati za uwakili sasa. England zinaitwa LPA (Lasting Power of Attorney), ziko mbili, moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na maisha. Zote hazifanyi kazi mpaka zisajiliwe Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayosajili hati hizo. Mzazi ndiye anayechagua wakili wake, yaani mtu wa kumwamulia, si lazima awe mwanasheria, na anatakiwa mtu asiye wa familia athibitishe kwamba mzazi anaelewa na hajashinikizwa. Najua baadhi ya wazee wanaona kama watoto wanagawana urithi mapema. Waelezeni kwamba ile ya afya haigusi chochote mpaka yeye mwenyewe ashindwe kuamua, na anaweza kuifuta wakati wowote akiwa na akili zake.

Kutoka: kaka wa Leeds

Sikujua kwamba ningeweza kumwombea baba kitufe cha shingoni. Hakuna aliyetuambia. Asanteni.

Kutoka: dada wa Coventry

Ndugu zangu, nawaletea mrejesho.

Sikusaini. Nilituma yale maswali manne kwa barua pepe Ijumaa usiku. Jumatatu wakanijibu kwamba tathmini ilifanyika bila mkalimani, na itarudiwa. Ikafanyika Alhamisi saa nne asubuhi, mkalimani akaja wodini. Mimi nilikaa nje kwenye korido.

Afisa alitoka akaniita, akanisomea alichoandika. Mama alimwambia kwamba anajua mguu bado haujapona na kwamba mimi nimekonda kwa ajili yake. Atakwenda mahali pa mazoezi kwa wiki 6, si zaidi. Akiweza kwenda chooni mwenyewe anarudi kwake. Na wakati wote huo mlango wake usikabidhiwe mtu, funguo akae nazo yeye. Wameandika kwamba ana uwezo wa kuamua pa kuishi.

Mdogo wangu bado hajaridhika. Tumekubaliana amuulize mama mwenyewe, si mimi.

Funguo nimempelekea jana. Akazihesabu, ya mlango mkubwa, ya fleti, ya sanduku la barua, akazifunga kwenye ncha ya khanga. Wiki ijayo anakuja mtu wa halmashauri kupima bafu. Aliyewahi kufungiwa vile vyuma anieleze: je, tuchague kimo sisi, au mama anatakiwa awepo ashike mwenyewe?