Taa za fulu zinazojiwasha zenyewe: ziachwe kama zilivyo, au dereva arudishiwe swichi yake?

Mtoa mada

Wakuu, naomba tulijadili hili, maana limenikera miezi mingi sasa. Gari langu jipya lina fulu zinazojiwasha na kujizima zenyewe. Kamera imekaa juu kwenye kioo cha mbele, ikiona giza inawasha fulu, ikiona taa za gari linalokuja au taa nyekundu za aliye mbele inarudisha dimu, yaani mwanga wa chini. Ukisomewa hivyo unasema afadhali, kazi moja imepungua.

Wiki iliyopita nilikuwa napanda kilima usiku. Nikaona mwanga umeanza kutanda juu ya kilele kabla gari la upande wa pili halijatokea. Dereva aliyefundishwa vizuri anajua hapo ndipo pa kudimu, usisubiri muonane. Kamera yangu ilisubiri mpaka taa mbili zichomoze, na zilipochomoza bado ikachelewa kidogo. Yule mwenzangu akapigwa fulu ya uso, akanirudishia ya kwake, tukapishana wote wawili hatuoni. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari linakula mita 25 kila sekunde. Fikirieni mita 25 za upofu, na mwenzako anakuja kwa mwendo huohuo.

Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu yule dereva alikuwa na haki ya kukasirika na mimi sikuwa nimegusa kitu.

Tatizo ninavyoliona: kamera inatafuta taa, haitafuti macho. Mtu anayetembea kando ya barabara hana taa. Aliye nyuma ya kona taa zake hazijaonekana. Na gari langu lina tabia moja mbaya zaidi, kwamba nikiuzima mfumo leo, kesho nikiwasha injini unarudi wenyewe. Msimamo wangu ni kwamba uanze ukiwa umezimwa, anayeutaka auwashe kwa mkono wake. Mnasemaje?

Msafiri wa usiku

Pole mkuu, ila hapa sikubaliani nawe, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Unamzungumzia dereva anayejua kudimu kabla ya kilele. Wapo wangapi? Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayopima usalama wa magari, ilitoa matokeo mwaka 2016 kwamba madereva waliokuwa na nafasi ya kuwasha fulu waliiwasha takriban asilimia 18 tu. Wengine wote walikuwa wanakwenda gizani na dimu, barabara tupu, hakuna wa kumuumiza.

Sasa tupige hesabu kwa hiyo kilomita 90 yako. Dimu inakuonyesha vizuri mita 40 mpaka 60 hivi, na mtu aliyevaa nguo nyeusi utamwona karibu zaidi ya hapo. Ukishtuka, mguu unachukua kama sekunde moja kufika kwenye breki, mita 25 zimekwisha. Breki yenyewe kwenye lami kavu inakula nyingine 45 hivi. Jumla 70. Maana yake kwa dimu na mwendo huo, unayemwona umeshamgonga. Fulu inakuongezea mita nyingi kabla hujafika kwake, na mashine haisahau kuiwasha kama sisi tunavyosahau.

IIHS haohao walirudi mwaka 2025 wakasema ajali za usiku zinazotajwa kusababishwa na kupigwa taa ni kama moja au mbili katika kila 1,000. Kukereka kupo, sikatai. Ila mimi nimewahi kunusurika kumgonga mtoto barabarani kwa sababu fulu ilikuwa imewaka. Ningekuwa na dimu nisingekuwa naandika haya kwa amani.

Dereva wa lori

Ndugu zangu, niongezee la kwetu sisi tunaokaa juu. Kwenye barabara zenye ukuta wa katikati, ule ukuta unaficha taa zangu lakini haunifichi mimi. Gari dogo la upande wa pili kamera yake haioni kitu, basi linakuja na fulu kilomita nzima na mimi naila yote machoni. Nikimpigia fulu kumkumbusha, naye dereva wala hajui ananiumiza, anaona mimi ndiye mkorofi. Zamani ukimkumbusha mtu alidimu, akakuashiria samahani, mkaachana. Siku hizi huyo wa kumkumbusha humpati.

Hizo ajali moja mbili katika 1,000, ndugu msafiri, ni zile zilizoandikwa. Mimi nimeshashuka kwenye bega la barabara mara mbili kwa kupofushwa. Sikugonga mtu, sikuandikwa popote.

Fundi umeme wa magari

Nyote mna sehemu ya ukweli, ila mnalaumu kitu kimoja wakati viko vitatu.

Kwanza kioo. Kamera inaona kupitia kioo cha mbele, kikiwa na vumbi, mafuta au ufa mbele yake, inaona vibaya. Mteja anabadilishiwa kioo, anaondoka bila kamera kupimwa na kuwekwa sawa upya, halafu anakuja kulalamika kuwa fulu zinachelewa kuzima. Vibao vya barabarani vinavyorudisha mwanga navyo huichanganya, ndiyo maana utaona fulu inawaka na kuzima bila gari lolote mbele.

Pili, malalamiko mengi ninayoletewa ya "fulu" si fulu kabisa. Ni dimu zilizokaa juu. Ukipakia mzigo mzito nyuma, pua ya gari inainuka na dimu inamwingia mwenzako usoni. Dawa yake ni nyepesi: kitufe cha kuzungusha cha kushusha taa kipo kwenye magari mengi, na watu hawakigusi miaka yote. Na mwanga wa LED, weupe wake wa kuelekea bluu unachoma macho kuliko ule wa njano wa balbu za zamani, hasa kwa wazee, ambao macho yao yanachukua muda mrefu kurudi.

Tatu, aina ya mfumo. Wa mtoa mada ni ule wa kuwasha yote au kuzima yote. Wazo hilo ni la zamani sana, General Motors walikuwa na jicho la umeme la kudimu taa tangu 1952, linakaa juu ya dashibodi. Leo kuna taa zilizogawanywa vipande vingi, ambazo zinatia kivuli pale tu alipo mwenzako na kuacha pembeni kunawaka. Ulaya na Japani zilianza kuziruhusu mapema, Marekani ikabadilisha kanuni yake Februari 2022. Hizo zikiwekwa vizuri, tofauti utaiona. Ila nazo zinategemea kamera ileile na kioo kilekile.

Mwendesha baiskeli

Fundi, asante kwa maelezo. Mimi taa yangu ni ndogo, na mara nyingi gari halinitambui kabisa. Linakuja na fulu mpaka linanipita. Ninachofanya ni kuangalia ukingo wa barabara na kuomba usiwe na shimo. Msafiri wa usiku anasema fulu inamsaidia kuniona, na ninamwamini. Ila akishaniona, adimu. Ameshaniona tayari, mwanga wote ule unamsaidia nini tena?

Mtoa mada

Swali hilo la dada mwendesha baiskeli ndilo nililoshindwa kulisema tangu mwanzo. Macho yangu yameshamwona, kamera haijamwona, na fulu inabaki imewaka kwa sababu nimezoea kuiachia mashine.

Msafiri, hesabu yako ya mita 70 nimeirudia mara tatu na siwezi kuipinga. Naondoa pendekezo la kuuanza mfumo ukiwa umezimwa kwa kila mtu, wengi wangebaki na dimu gizani. Ninalobaki nalo ni mawili. Niliyeuzima niheshimiwe, usirudi mpaka niuite. Na nikivuta mkono wa taa kudimu, dimu ikae mpaka mimi niseme tena, isirudishe fulu baada ya muda mfupi kana kwamba nimekosea.

Na kioo changu kilibadilishwa mwaka jana. Kesho nakipeleka kikaguliwe.

Msafiri wa usiku

La kwanza nakubali. La pili bado: ukidimu ukasahau, tumerudi kwenye ile asilimia 18.

Dereva wa lori

Asahau tu, ndugu yangu. Akisahau, anayebaki gizani ni yeye, naye anaweza kupunguza mwendo. Mimi nikipofushwa na tani 30 mgongoni, breki zangu hazisimami pale ninapotaka.