Nimeambiwa niunganishe gogo nilipasue tena, eti mwanga haukukaa vizuri

Ndugu wanajamvi, naandika viganja vikiwa bado na malengelenge. Jina la mhusika sitalitaja, kwa kuwa kila aliyewahi kuviziwa akiwa na jembe mkononi hapa Njombe anamfahamu yule mwenye kizibao cha mifuko kumi na saba na kamera ndefu kama bomba la moshi.

Jana asubuhi, katika baridi hii ya Julai ambayo hata jogoo huwika akiwa amejifunika, nilikuwa uani kwa mama nikipasua kuni za miwati kwa ajili ya masufuria ya kipaimara cha mpwa wangu, naye akatokea bila hodi. Nilikuwa nimehangaika nusu saa na gogo moja lenye fundo, kabari mbili zimenasa ndani, na hatimaye likaachia vipande viwili kwa pigo moja, bibi jirani akapiga kigelegele. Ndipo yule bwana akashusha kamera, akakitazama kioo chake, akasema kwa upole: “Kaka, naomba uliunganishe gogo ulipasue tena, mwanga haukukaa vizuri.”

Niliunganishe! Nafundisha fizikia mwaka wa tisa huu na kanuni hiyo sijakutana nayo.

Leo picha iko mtandaoni, na maelezo yake yanasema kwamba mimi ni mzee wa kijiji ninayeteseka kwa kukosa nishati safi ya kupikia, ilhali nina miaka 36 na mtungi wa gesi unaonekana mlangoni nyuma yangu. Hilo ningelisamehe. Lakini kuunganisha gogo?

Shoka Butu: Pole, mleta uzi. Picha nimeiona, na kusema kweli huo uzee unaonekana. Mtu anapoinua shoka, mkono mmoja hukaa karibu na chuma kisha huteremka pamoja na pigo. Wewe umeng'ang'ania ncha ya mpini kama anayevuta kengele ya kanisa. Tena gogo lenye fundo huanziwa pembeni.

Mleta uzi: Tusitoke kwenye hoja. Aliniambia niliunganishe.

Binti Usambara: Wewe umeombwa mara moja tu. Huku Lushoto mama yangu mkubwa alirudishwa chini ya mteremko mara nne, mzigo wa kuni ukiwa kichwani, kwa sababu ukungu uliziba milima. Mara ya nne aliutua miguuni pa mpiga picha, akamwambia aubebe yeye ili apigwe picha kwa simu. Picha tunayo, na mzigo haujavuka magoti.

Mzee wa Nakala: Afadhali ninyi mmeziona. Sisi tulipangwa mbele ya rundo la kuni mwaka 2016, bibi akasuka nywele kabisa, tukaahidiwa nakala, na hadi leo kila pikipiki ikipita bibi huchungulia.

Kabari Mbili: Samahani, kuna anayejua bei ya mpini wa shoka pale Makambako? Wangu umevunjika.

Shoka Butu: Usinunue. Tafuta tawi lililonyooka, lisilo na fundo, uliache likauke kivulini, maana la jua hupasuka.

Mleta uzi: Ndugu zangu, yule bwana amenipigia simu sasa hivi, anauliza kama vile vipande viwili bado ninavyo.

Kabari Mbili: Mleta uzi, subiri kidogo. Shoka Butu, likauke kwa muda gani?