Bi mkubwa anakuja Perugia, goti linamsumbua: tupande Minimetrò au tuachane nayo?

MtotoWaTanga
Wakuu, habari za humu. Nasoma Kiitaliano hapa Perugia, Italia, kile chuo cha wageni. Mwezi ujao mama anakuja kunitembelea. Tutatoka Roma kwa treni mpaka stesheni ya Fontivegge. Kwangu Madonna Alta ni ghorofa ya nne bila lifti, kwa hiyo nimempatia chumba kule juu mlimani, mji wa zamani, karibu na Piazza IV Novembre. Ana goti bovu na masanduku mawili (moja dagaa na unga, mnawajua akina mama).

Nilimtumia video ya Minimetrò, kile kitreni cha mjini kinachopitia Fontivegge na kupanda mlima, akauliza, "Dereva yuko wapi?" Nikamwambia hakuna, inavutwa na kebo. Akasema basi yeye atapanda mlima kwa miguu. Mliowahi kuleta wazazi, mlifanyaje?

Kipepe
Kwani kwenye ndege rubani atamwona? 😂

FundiMitambo
Ulipomwambia kebo ndipo ulipoharibu, mkuu. Atakuwa anawaza vile vibanda vinavyoning'inia angani. Mweleze kwamba ni kibehewa chenye magurudumu, kinapita juu ya njia yake, na kebo iko chini yake. Kikifika kituoni kinaiachia kebo, kinasimama, watu wanashuka na kupanda, halafu kinaishika tena. Kebo yenyewe haisimami, ndiyo maana hamkai sana kusubiri, kibehewa kingine kinakuja nyuma. Waliotengeneza ni Leitner, kazi yao hasa ni mitambo ya kupandisha watu kwenye milima ya theluji. Inafanya kazi tangu Januari 2008. Mwonyeshe na zile kamera, ajue kuna watu wanaangalia.

MamaJunior_Umbria
Mwanangu, dereva si tatizo. Tatizo ni Pincetto, kituo cha juu. Watu wanasifia Minimetrò kana kwamba inakushusha mlangoni pa kanisa kuu, kumbe kituo cha mwisho kiko ubavuni mwa mlima na bado mna ngazi za umeme za kuwapeleka juu. Kwa kijana si kitu. Kwa mtu wa goti, na sanduku mkononi, kukanyaga ngazi inayotembea na kushuka kwake ndiyo mtihani. Na siku zikiwa kwenye matengenezo je?

Siku ya kwanza mpandishe basi hapo mbele ya stesheni, Piazza Vittorio Veneto, linalokwenda Piazza Italia. Mkishuka hapo mko juu tayari. Corso Vannucci ni tambarare, mtaburuza masanduku taratibu mpaka Fontana Maggiore, ile chemchemi ya Piazza IV Novembre. Mama akichoka kuna vibaraza vya kahawa njia nzima.

Kipepe
Nami naunga mkono basi. Teksi ni kama masanduku yamezidi.

FundiMitambo
Hoja ya goti nakubali. Ila asiondoke Perugia bila kuipanda. Jumamosi mshushe mpaka Pian di Massiano, kituo cha mwisho cha chini, soko liko huko, mbele ya uwanja wa mpira. Panda saa ambayo wanafunzi hawajajaa, maana viti ni vichache sana, na umkalishe karibu na kioo cha mbele. Mwambie mapema kwamba sehemu ya juu inapita ndani ya mlima, asishtuke giza likiingia. Tiketi ni ile ile ya mabasi ya mjini.

MamaJunior_Umbria
Na wewe unayelala Madonna Alta, angalia saa. Minimetrò hufungwa mapema usiku. Ukinogewa na hadithi za nyumbani utarudi kwa basi.

MtotoWaTanga
Asanteni sana. Nimeongea naye sasa hivi: basi amekubali bila ubishi, na aliposikia soko akauliza kama kuna vitambaa. Minimetrò anasema ataiangalia kwanza ikipita. Ila kuhusu hizo ngazi za umeme, nani anajua kama pale Pincetto kuna lifti ya kufika mpaka juu kabisa?

MamaJunior_Umbria
Pita pale kesho ukitoka darasani, uikague mwenyewe kabla hajaja.